Tabaka Tupu

Usiguse klipu, Nutsa. Ondoa mkono.
Arobaini na tatu zimelala humo kama zilivyoletwa
kutoka Kakheti, na ukungu wake wa Novemba,
na mteja anataka Septemba.
Ukizitia rangi moja moja kutakucha uko hapo kitini,
na kesho akibadili nia utazifuta moja moja.

Fungua tabaka jipya. La marekebisho, hilo.
Unaona nini? Huoni kitu. Ndivyo lilivyo.
Halina picha, halina sauti, halina hata kivuli.
Mkono mtupu haulambwi, walisema,
lakini waliosema hawakuwahi kukaa ghorofa ya tatu, Chugureti,
saa nane za usiku, wakimhudumia muuza mvinyo.
Liweke juu ya zote.
Sasa tia manjano penye mwanga,
pandisha mstari hapa katikati, polepole, usiwe na pupa,
vivuli viachie wekundu kidogo, kama chai iliyokolea.
Tazama.
Mizabibu yote imeiva kwa mpigo mmoja.
Ukungu umegeuka vumbi la mavuno.
Na huko chini klipu hazina habari:
funga hilo jicho dogo pembeni, Novemba.
Fungua, Septemba.
Funga.

Mama yangu hakuwahi kugusa kompyuta.
Majira yale ya baridi, umeme ulipokatika wiki baada ya wiki,
tulikuwa na taa moja ya chemni
na viazi, na viazi, na tena viazi.
Alikuwa na karatasi ya peremende, rangi ya asali,
aliyoinyoosha kwa kiganja mpaka ikasahau mikunjo.
Jioni aliizungushia ile chemni
na chumba kizima kikashiba.
Viazi vikawa dhahabu. Ukuta wenye kuvu ukawa ukuta wa kanisa.
Kaka yangu Gela alisema supu ina siagi,
akaapa.
Na baba, uso wake wa majivu
ukawa uso wa mtu aliyetoka shambani sasa hivi.
Hakuna kilichoguswa. Kila kitu kilikuwa palepale.
Kikohozi chake tu ndicho kilichobaki juu ya karatasi,
maana kikohozi hakina rangi.

Ngoja. Huyu mzee amekuwaje?
Rudi nyuma. Fremu ya mia mbili na sita.
Umemkata wiki nzima, unywele kwa unywele,
halafu ukamweka juu ya tabaka.
Aliye juu mngoje chini, sawa, lakini hapa
aliye juu hafikiwi na jua.
Wenzake wote wamo kwenye joto
naye peke yake anakamua zabibu kwa vidole vya buluu.
Ndivyo vilivyokuwa. Nilikuwepo.
Kila kamera iliposimama alivipulizia pumzi,
akauliza kama zimebaki nyingi.

Mteja ameandika: yule mzee anaonekana mgonjwa.

Mshushe. La, usimshushe bado.
Mpe tabaka lake mwenyewe, tupu vilevile,
libane kwake lisiwavujie wengine.
Manjano ileile, kisha punguza nguvu hadi sitini.
Chora barakoa kuuzunguka mkono wa kushoto,
lainisha ukingo,
huo mkono uache nje.
Mteja hatazami mikono. Mteja anatazama chupa.

Karatasi ile iliungua mwezi wa pili.
Ilianzia pembeni, ikajikunja kama jani,
mama akaizima kwa vidole.
Tukala viazi.

Hifadhi, Nutsa. Hifadhi tena.
Umeme wa mtaa huu mpaka leo siuamini.